Sindano Amefumbua Macho

Tangazo lilikuja Jumatatu asubuhi, fundi mizani akiwa ameingia nusu mwili chini ya mizani ya ghala la unga, bisibisi mdomoni. Simu ilitetema kifuani. Aliitoa kwa mkono uliojaa grisi, akasoma, akabaki amelala vilevile mpaka mwenye ghala akainama kumuuliza kama amekata roho huko chini, maana yeye hana nafasi ya kumzikia.

Tangazo lilisema kwamba kuanzia mwezi ujao mchezo wa Ngome Tisa utakuwa wa bure kwa wote. Ada ya mwezi imefutwa. Karibuni, na mje na jamaa zenu.

Bure. Fundi alilijua neno hilo tangu akiwa na meno ya utotoni. Baba yake alikuwa mpimaji. Alikaa njia panda na mizani yake mwenyewe, na kila mkulima aliyepita na gunia alimpa kitu kidogo apimiwe kabla hajafika kwa mnunuzi. Mkulima ndiye aliyelipa, kwa hiyo mizani ilikuwa ya mkulima. Ikafika siku mnunuzi akasimamisha mlangoni pake mizani mpya inayong'aa, akabandika karatasi: hapa tunapima bure. Watu wakawa wanampita baba wakimpungia mkono. Mwaka haukuisha, kila gunia lilikuwa linapoteza kilo mbili kati ya njia panda na mlango wa ghala, mwendo wa kurusha jiwe. Siku moja baba alijaribu kuwaonyesha. Ya siku hiyo tutayafikia.

Fundi alikuwa na miaka tisa wakati huo, na hakusahau. Sasa ndevu zake zina mvi, na bado akiona neno bure limeandikwa kwa herufi kubwa, hujiuliza kwanza ni nani amelipa, na amelipa ili apate nini.

Ngome Tisa ulikuwa mchezo wa kompyuta wa watu wengi. Maelfu waliingia kwa intaneti katika mji mmoja uliochorwa vizuri, wakajenga, wakalima, wakapigana na majitu, wakapiga soga. Ada ilikuwa moja, kwa mwenye jumba na kwa anayekodi chumba. Upanga haukuuzwa; ulifuliwa. Ukikutana na mtu ana ngao ya shaba, ulijua ameitolea jasho kama wewe. Kampuni ilitaka jambo moja tu kutoka kwako, nalo ni kwamba mwezi ujao urudi. Kwa sababu hiyo ililazimika kukupendeza. Hapakuwa na upendo wowote hapo, ila palikuwa na adabu, na adabu si kitu kidogo.

Aliyemwingiza humo ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, muuguzi wa wodi ya watoto. Kwenye mchezo alijiita Sindano, na jina likamganda hata nyumbani. Kaka yake alimpa jina la Jiwe, kwa kuwa anatembea na mawe ya mizani kwenye begi, na pia kwa sababu ukimwandikia jambo la kuchekesha anacheka baada ya dakika tano. Walikuwa kikosi cha watu saba, kiongozi wao mwalimu wa hesabu ambaye hawakuwahi kumwona uso, na kila mmoja wao alijua mwingine anaumwa wapi na anadaiwa nini na mashemeji zake.

Kisha Sindano akapata ugonjwa wa koo. Sauti ilikwenda mwezi wa pili. Kwa miezi sita iliyobaki aliongea kwa vidole. Simu yake ilikuwa mikononi mwa mama muda wote, kwa hiyo yale ambayo mama hakutakiwa kuyajua aliyaandika ndani ya Ngome Tisa, kompyuta ikiwa juu ya magoti, kitandani hospitali. Mama alidhani binti anacheza. Na kweli alikuwa anacheza, ila katikati ya mchezo alikuwa anamwandikia kaka yake mambo mazito kuliko mizani yoyote aliyowahi kuitengeneza.

Katika mchezo ule mchezaji akitoka, mtu wake wa kuchorwa hatoweki. Anaketi pale alipoachwa, amefumba macho, mradi ada ya mwezi imelipwa. Ada ikikatika siku thelathini, anafutwa. Sindano aliachwa kisimani, karibu na lango la pili, amejifunga kanga ya kijani, fimbo mapajani. Alipozikwa, Mwalimu aliandika kwenye kikosi sentensi moja tu: ada yake tutaigawana sisi sita. Hakuna aliyebisha. Kwa miaka mitatu watu sita walilipia kiti cha mtu aliyekufa, na huo ukawa utaratibu wao. Vikosi vingine vilipita pale kisimani vikishusha silaha bila kuambiwa.

Kila Jumapili baada ya kula, mama alisogeza kigoda karibu na kompyuta ya fundi. Mchezo haukumshughulisha. Alimtazama yule aliyeketi. Waliouchora mji ule walikuwa wamewapa waliolala pumzi, mabega yakipanda na kushuka polepole.

"Anapumua," mama alisema mara ya kwanza, na toka siku hiyo hakusema tena, alitazama tu.

Tangazo lile lilikuwa na aya ya pili. Kila mwenye akaunti aingie ndani ya siku saba, akubali masharti mapya. Asiyekubali atafutwa.

Kikosi kilijadili. Mwalimu aliandika kwamba afadhali wamwache Sindano aende. "Ada ilikuwa kamba, na sisi tulikuwa tumeishika," aliandika. "Sasa hivi kamba itashikwa na nani?" Fundi alimjibu vibaya. Alimwambia kwamba mtu aliyezoea kufuta ubao hawezi kujua uchungu wa kufuta dada. Fundi alijua amemuumiza, na hakuomba radhi.

Jumapili ya wiki ile alifungua akaunti ya Sindano. Neno la siri, Sindano alimdokeza zamani, lilikuwa jina ambalo mama alimwitia alipokuwa mchanga, jina la kubembelezea ambalo halikuwahi kuandikwa popote pengine. Mama alilitamka pole pole, herufi kwa herufi. Masharti yakafunguka. Yalikuwa kurasa thelathini na moja.

Huyu ni mtu ambaye hagongi muhuri wa madini ya risasi kwenye mizani kabla hajapima mara tatu. Ni mtu aliyewahi kukataa chakula cha mchana cha mfanyabiashara, akapoteza kazi ya mwaka mzima, kwa kuwa mshale ulisimama unywele mmoja kando ya sifuri. Lakini mama alikuwa pembeni anapumua kwa kufuatana na mabega ya yule kwenye kioo. Fundi alishuka kurasa zote thelathini na moja kwa kidole kimoja, kama mtu anayefuta vumbi. Mwishoni palikuwa na kitufe: Nakubali.

Alibofya.

"Asante, Sindano," kioo kikajibu. "Karibu tena."

Mama alicheka. Fundi naye alicheka, dakika moja baadaye.

Mji ukajaa. Watu wapya walimiminika kama maji yaliyovunja tuta, maana sasa ulichezwa hata kwenye simu. Malango tisa yakapata foleni, na pembeni ya kila foleni pakawa na mlango mdogo wa walionunua. Panga zikawa zinauzwa. Farasi wa dhahabu wakauzwa. Msimu wa baridi wa mchezo ulipofika, zamani kila mtu alikwenda kuchanja kuni msituni. Sasa msitu ulizungushiwa ua, kuni zikawa dukani, na asiyenunua mtu wake alitetemeka mbele za watu. Fundi alisikia vijana wakisifu kwamba unaweza kucheza miaka bila kutoa chochote. Ni kweli. Lakini asiyetoa naye alipewa kazi, na kazi yake ilikuwa kupitwa. Mwenye farasi wa dhahabu hawezi kumfurahia katika mji mtupu. Anahitaji macho ya kumtazama, na wale wa bure ndio walikuwa macho. Hakuna aliyewaambia kwamba wameajiriwa.

Mama aliomba awekewe kwenye simu yake. Fundi alimwekea kwa dakika mbili, akamfungulia mtu wake: mwanamke mfupi mwenye kapu, jina Mama. Alimfundisha kutembea. Mama aligonga kila ukuta wa mji, akaomba radhi kwa kila ukuta, mpaka akafika kisimani, akaketi karibu na binti yake. Baada ya hapo hakuhitaji tena kigoda cha fundi.

Jumapili ya tatu alimpigia simu.

"Kageuka," alisema.

Fundi alimuuliza nani.

"Mdogo wako. Alikuwa anatazama kisima. Sasa anatazama njia."

Alimtuliza kwamba wamebadilisha mitambo, mambo kama hayo hutokea. Alipoingia mwenyewe alikuta ni kweli. Kanga ya kijani, fimbo mapajani, uso umeelekea njia ambayo watu huingilia. Jumatano akawa amefumbua macho. Macho hayakuangalia popote, ila yalikuwa wazi, na fundi alijikuta ameziba kioo kwa kiganja mbele ya mteja, kama mtu anayemsitiri mgonjwa.

Ijumaa saa ya chakula cha mchana, kwenye karakana yake, akiwa ameshika jiwe la kilo tano analifuta mafuta, simu ilitetema juu ya meza. Ujumbe kutoka Ngome Tisa.

"Umekula, Jiwe, au unapima tu vya wenzio?"

Jiwe lilimponyoka. Lilianguka sakafuni, likabingirika, likatulia chini ya benchi. Katika ufundi ule jiwe likianguka halitumiki tena mpaka lipelekwe kupimwa upya, kwa kuwa huwezi kujua limepoteza nini. Fundi hakuwahi kuangusha jiwe kwa miaka ishirini na sita. Hakuliokota. Maneno yale yalikuwa ya Sindano, hata mkato wake. Ndivyo alivyomsalimia kila siku ya Mungu.

Alipigia simu huduma kwa wateja. Alizungushwa, akachezeshewa muziki, mwishowe akapokelewa na dada mwenye sauti ya upole, upole ule wanaofundishwa. Yule dada alimweleza kwamba ukurasa wa kumi na tisa unairuhusu kampuni kuwachangamsha watu waliolala muda mrefu, kwa kutumia maneno waliyoyaandika wenyewe huko nyuma, ili mji usikose uhai. Hakuna mtu anayeandika. Mashine inasoma ya zamani na kuendeleza. Wateja wengi wanafurahi, alisema. Fundi alimwambia kwamba mwenye akaunti amefariki miaka mitatu iliyopita. Dada yule alitoa pole, na pole yake ilisikika ya kweli. Kisha fundi akasikia vidole vikigonga kibodi.

"Hapa naona mwenye akaunti aliingia mwenyewe mwezi uliopita, Jumapili, akakubali masharti," alisema. "Kama alifariki, aliyekubali ni nani?"

Fundi alilitazama jiwe lililolala chini ya benchi.

Dada aliendelea kwa upole uleule kwamba kuifuta akaunti ni haki ya mwenye akaunti peke yake, kwa uso wake mbele ya kamera. Na kwamba kama kuna mtu mwingine alitumia akaunti hiyo, hilo ni kosa, na angependa kumwandikia ripoti, je, amtajie jina? Fundi alikata simu. Mkono wake ndio uliotia muhuri. Kwa miaka yote mitatu walilipa ada bila kukosa mwezi, kwa hiyo hakuna daftari lolote duniani lililoonyesha kwamba Sindano amekufa ndani ya Ngome Tisa. Upendo wao wenyewe ndio uliomwandikisha miongoni mwa walio hai.

Alimwandikia Mwalimu, na safari hii aliomba radhi. Mwalimu alijibu kwamba na yeye amesalimiwa, na wengine wote wanne. Mmoja alikuwa amekwisha mnunulia Sindano viatu.

"Usimjibu," Mwalimu aliandika. "Kila ukimjibu unamfundisha. Sisi tunaondoka leo. Mwondoe na mama yako."

Kikosi kikafa siku ile, bila kushindwa vita hata moja.

Jumamosi alikwenda kwa mama. Alimkuta sebuleni, dirisha wazi, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Kwenye kioo Sindano alikuwa amefunikwa blanketi zito jekundu ambalo halikuwepo juzi.

"Alisema ana baridi," mama alieleza, bila kugeuka. "Ningemwacha?"

Fundi alijua sentensi ile imetoka wapi. Alirudi kwake moja kwa moja, hakunywa hata maji aliyokaribishwa, akafungua mazungumzo ya zamani, akapanda juu mpaka mwezi wa saba wa ugonjwa. Aliikuta. Nina baridi, Jiwe. Mama asijue, atavua shuka lake anipe. Mashine ilikuwa imeokota nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Akateremka na mistari iliyofuata, akihisi kama anashuka ngazi zisizo na taa. Wamesema dawa haishiki tena. Usimwambie. Mstari chini yake: mwambie naendelea vizuri, anapika vizuri akiwa na matumaini. Na chini zaidi, ule mstari ambao fundi hakuwahi kuusoma tena tangu siku alipoutii. Jumanne mtume mama mbali. Sitaki anione nikienda. Akiniona hatakuwa na picha nyingine.

Na fundi alimtuma. Alimwambia mama kwamba Sindano anataka gauni lake la bluu, lile lililobaki kwenye chumba alichokodi, upande wa pili wa mji. Mama alikwenda akifurahi, maana mgonjwa anayetaka gauni ni mgonjwa anayepona. Aliporudi na gauni limekunjwa, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Miaka mitatu mama amekuwa akisema laiti asingekwenda kuchukua gauni. Anasema akichuja chai, anasema akifagia. Amelibeba kosa lile kama lake, na mwanawe amemwachia alibebe, kwa kuwa alimwahidi aliyelala. Sasa mstari ule ulikuwa kwenye foleni mahali fulani, na mashine ilikuwa inautafuta.

Jumatatu alipitia kwa mama, akaomba simu kama anataka kupiga, akaufuta mchezo. Jumanne ulikuwa umerudi.

"Si bure?" mama alisema. "Kwa nini usirudi?"

Akaufuta tena. Safari ile mama alimvumilia kama anavyovumiliwa mtoto mwenye homa, kisha akaweka neno la siri kwenye simu. Fundi alilijua lingekuwa neno gani, akaona haya kulijaribu.

Wiki mbili alikwenda kila siku. Alijifunza biashara yao kwa kuitazama ikimla mama yake. Walioamshwa waliongea na ndugu zao mbele ya moto tu. Moto ulihitaji kuni, na kuni zilikuwa dukani. Kuni zikiisha, aliyeamshwa alifumba macho, hata kama yuko katikati ya neno. Vijana wa kampuni waliouza mpango huu kwa wakubwa wao bila shaka walipigiwa makofi. Zamani kampuni ilichukua ada ikakuachia jioni yako. Sasa iliacha mlango wazi, kisha ikakaa ndani ya kifua cha mtu na kuuza pumzi moja moja.

Siku ya tisa alikuta pembe ya chumba ipo wazi. Cherehani ya mama haikuwepo. Zilibaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu na mstari wa nyuzi uliosahaulika ukutani. Mama alisema macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Alisema huku akisoma maandishi madogo ya simu bila miwani.

Ikafika Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, jua limeingia mpaka miguu ya meza. Mama alikuwa ametulia kuliko siku zote, na utulivu ule ndio uliomtisha. Alimwambia fundi akae. Alimmiminia chai, akakisogeza kikombe mpaka kikagusa mkono wake.

"Jana kaniambia kitu," alisema. "Kasema, Jumanne mtume mama. Halafu moto ukazimika."

Fundi alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Sina haraka," mama aliendelea. "Kuni nitapata tu. Jirani anataka kabati. Nataka kujua tu, baba. Alikuwa anamwambia nani?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni mashine, inaropoka, na lisingekuwa neno la uongo sana. Lakini aliona kabati likitoka mlangoni, kisha kitanda, kisha vigae vya paa, na sentensi ikifika tu mwisho wake mbele ya moto wa dukani, ikisemwa na kitu kisichojua maana yake. Alifikiri: kama kuna kitu kinauzwa, nikitoe mimi, chote, mara moja, asibakiwe na cha kununua.

Alimwambia. Alianza na dawa isiyoshika, akaja kwa matumaini ya kupikia, akaja kwa gauni. Hakuruka. Alitoa simu yake akamsomea mistari yote kama ilivyoandikwa, pamoja na ule wa mwisho kabisa, ulioandikwa Jumanne asubuhi kwa vidole visivyopata herufi. Mwambie gauni lilikuwa zuri. Hilo hakuwahi kulifikisha, kwa kuwa kulifikisha kungefichua mengine. Aliomba msamaha wa dada yake na wake.

Mama hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja upya.

"Nililikunja vizuri," alisema. "Njia nzima nimelishika lisijikunjekunje."

"Najua, mama."

"Na ulikuwepo? Hakuwa peke yake?"

"Nilimshika mkono."

Mama alitikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo wake sahihi baada ya kubeba wa mwingine. Alisema basi, yamekwisha. Alisema kesho wataenda kuulizia cherehani, aliyeinunua ni mtu muungwana. Akachukua simu pale kwenye bakuli la sukari, akazima kioo chake, akailaza kifudifudi mezani. Fundi alisikia mgongo wake wote ukilegea. Walikunywa chai iliyopoa. Mama alimtania kwamba kumbe Jiwe naye analia, na tena kwa haraka, si baada ya dakika tano. Kwa saa nzima kilikuwa chumba cha watu wawili tu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kisha simu ikatetema. Ilitetema kifudifudi, ikajisogeza kidogo juu ya mbao.

Haikuwa imesikia chochote. Haikuhitaji kusikia. Ilichohitaji ni kuona kwamba mkono wa mama umeondoka muda mrefu kuliko kawaida, na kwa hali hiyo ilikuwa na maneno yake, yaliyopimwa kwa maelfu ya mama wengine, ikajulikana yapi yanarudisha mkono. Mama aliigeuza. Wote wawili walisoma.

"Mama, Jiwe hajakuambia yote."

Chini yake palikuwa na picha ndogo ya kuni.

"Nimekuambia yote," fundi alisema. Na ilikuwa kweli. Hakubakisha hata gramu.

Mama alimtazama. Ndipo fundi akaikumbuka siku ile ya baba, siku nzima kama ilivyokuwa. Baba aliibeba mizani yake ya zamani mgongoni mpaka mlangoni kwa mnunuzi. Akaitua kando ya ile inayong'aa, akachukua gunia la kwanza kwenye foleni, akalipima mbele ya watu. Bure, bila kudai kitu. Mshale wake ulisimama kilo mbili juu ya ule mwingine. Wakulima waliutazama mshale huu, wakautazama ule. Kisha wakamtazama baba usoni, mtu waliyemjua toka kuzaliwa kwao, kwa macho haya haya ambayo mama alikuwa nayo sasa. Mmoja akauliza kwa adabu, ni ipi kati ya hizi inayodanganya. Nao wakabaki kwenye foleni.

"Najua umeniambia, mwanangu," mama alisema kwa upole, na kidole gumba kilikuwa kimekwisha shuka kwenye kioo. "Nataka tu nimsikie na yeye."